Saa ya Kulipokea Gari

Katika mambo yote yanayompata mnunuzi wa gari, tangu siku anayoanza kuweka akiba mpaka siku anayoshika usukani, hakuna saa iliyo fupi kuliko ile anayokabidhiwa funguo, wala hakuna iliyo na thamani kubwa kuipita. Maana kabla yake alikuwa na ahadi na picha tu, na baada yake atakuwa na mali ambayo kila dosari yake ni mzigo wake mwenyewe, lakini katika saa ile, maadamu karatasi ya makabidhiano haijatiwa sahihi, yeye ndiye mwenye neno. Inasikitisha, basi, kwamba watu wengi huitumia saa hiyo kupiga picha, kupokea pongezi za jamaa waliowasindikiza na kumshukuru wakala kwa hisani yake, kisha wakatia sahihi pale walipoonyeshwa na kidole, wakaondoka. Dosari hujitokeza kesho yake, au mvua ya kwanza inyeshapo, au fundi anapoliinua gari kwa jeki kwa shughuli nyingine kabisa. Na hapo kila anayeulizwa, tangu muuzaji mpaka mlinzi wa lango, hujibu kwa kuonyesha sahihi ile.

Sisemi haya kwa kuwadhania vibaya wauzaji wote au mawakala wote, kwani miongoni mwao wamo watu waaminifu wanaoishi kwa jina lao jema. Ninasema kwa sababu gari ni mali ya pili kwa ukubwa, baada ya nyumba, ambayo familia nyingi za kwetu hupata kuinunua katika umri wao wote, na aghalabu hununuliwa kwa fedha za mkopo wa mshahara ambazo zitaendelea kukatwa miaka kadhaa, gari likiwa linatembea au limelala gereji. Mnunuzi wa namna hiyo ana haki ya nusu saa ya kutazama alichokinunua, na kuidai haki hiyo si ukosefu wa adabu.

Watu wa pwani yetu waliijua haki hii kabla gari la kwanza halijateremshwa Mombasa au Dar es Salaam. Katika fiqhi ya biashara, ambayo masheikh wa Lamu, Mombasa na Unguja wameisomesha kizazi kwa kizazi, mnunuzi anayegundua ila iliyokuwamo katika bidhaa kabla ya kukabidhiwa, naye hakuijua, ana khiyari ya kuirudisha. Na muuzaji aliyeijua ila hiyo akainyamazia amefanya ghushi, nayo ni haramu. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji chini ya nafaka kavu, akamkemea mwenye mali kwa kutoiweka juu ile iliyolowa watu wakaiona. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanganyika, zilizotungwa kwa mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1893, nazo humpa mnunuzi nafasi ya kutosha ya kuikagua bidhaa kabla hajahesabiwa kuwa ameikubali. Lakini sheria hizo hizo zina makali upande wa pili: mnunuzi aliyekwisha kuikagua bidhaa hawezi baadaye kulalamikia aibu ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo yule anayelizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi na kusema liko sawa, amejidhuru zaidi kuliko anavyodhani, kwani amejivika jina la mkaguzi bila ya kukagua.

Ugumu mkubwa wa zama zetu ni kwamba muuzaji hayupo. Sehemu kubwa ya magari madogo tunayoyaita mapya ni mapya kwetu tu. Yalikwisha kutumika Japani, yakauzwa kwa mnada, yakapakiwa melini Yokohama, Nagoya au Kobe, na yule aliyepokea fedha zetu hatutamwona abadan. Yanakuja kwetu kwa wingi kwa sababu Japani, kama Kenya, Uganda na Tanzania, huendesha upande wa kushoto, na pia kwa sababu sheria ya Wajapani hulidai gari dogo lipimwe rasmi baada ya miaka mitatu ya kwanza na kisha kila miaka miwili, kwa gharama inayowafanya wengi waone heri kulitoa la zamani na kuchukua jingine. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka mpaka wa miaka kumi na mitano. Tanzania hupokea hata yaliyozeeka zaidi, ila huyatoza ushuru wa nyongeza. Kwa vyovyote, gari hilo limepita katika mikono mingi: mtu mmoja aliliendesha kuliingiza melini, mwingine akalitoa, wa tatu akalipeleka bandari kavu, wa nne akalisogeza kupisha jingine, na kila mmoja wao alikuwa na haraka. Taksiri ya kila mkono katika mikono hiyo ina mdhamini wake, kwani gari lililogongwa bandarini halina dai moja na gari lililogongwa Osaka miaka mitano iliyopita. Na njia pekee ya kuyatenganisha mambo hayo ni kuchukua picha zilizotumwa kabla gari halijapakiwa, kusimama nazo mbele ya gari lenyewe, na kulinganisha ubavu kwa ubavu kabla halijavuka lango.

Saa nzuri ya kazi hii ni asubuhi, jua likiwa limepanda kiasi, na gari likiwa limeoshwa na kukauka. Vumbi huficha mikwaruzo, na maji huipa rangi mbaya mng'ao wa rangi nzuri, kwa hiyo gari linalooshwa mbele yako wakati unaingia halifai kutazamwa mpaka likauke. Injini nayo iwe baridi. Weka kiganja juu ya boneti kabla hujasalimiana sana na watu. Ikiwa kuna joto, mtu amekwisha kuiwasha, na injini nyingi zenye maradhi hutoa siri zao katika dakika ya kwanza tu ya kuamka. Hapana haja ya kugombana. Sema kwa heshima kwamba utangoja ipoe, na ungoje.

Kinachotangulia mengine yote ni namba ya chesisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumiwa kwingineko. Yana alama fupi ya aina ya gari, kistari, na tarakimu za mfululizo, kama vile NCP60 kwa Toyota IST yenye injini ndogo. Namba hiyo hupigwa kwa nyundo ya kiwandani juu ya chuma chenyewe, aghalabu katika ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, nayo hurudiwa katika kibati cha kiwanda. Isome kwa sauti mwenzako akiifuata katika hati ya shehena, kisha katika hati ya Japani ya kufuta usajili, kisha katika karatasi za forodha. Tarakimu moja iliyokosewa na karani huleta usumbufu wa wiki nyingi wakati wa kuomba kadi ya gari, na chuma kilichosuguliwa au kuchomelewa pembeni mwa namba ni sababu tosha ya kutolipokea gari mpaka maelezo ya kuridhisha yatolewe kwa maandishi.

Baada ya namba ndipo macho huhamia kwenye bodi, na hapa nitakawia kidogo, kwani ndipo wengi wanapohadaiwa. Nahodha wa zamani alipotaka kununua jahazi hakulitazama likiwa limetweka tanga. Alingoja maji yatoke, likae juu ya mchanga, akapitisha kiganja ubao kwa ubao akitafuta kalafati iliyolegea. Niliuona ukaguzi wa namna hiyo katika bandari kavu moja ya Dar es Salaam, upande wa Kurasini, ambako fundi mmoja mtu mzima wa gereji za Gerezani aliletwa na mwalimu wa kike aliyekuwa akipokea Toyota IST ya rangi ya fedha. Kijana wa wakala alikuwa amekwisha kulaza karatasi juu ya boneti na kutoa kalamu.

"Mama, usitie sahihi kwanza," alisema fundi; kisha akamgeukia kijana kwa upole, "Mwanangu, tuvumilie nusu saa. Mama huyu amelingoja gari hili miezi mingi."

Akachutama karibu na taa ya mbele ya kushoto, akafumba jicho moja, akautazama ubavu wote wa gari mpaka nyuma, huku akisogeza kichwa polepole ili mwanga wa jua utembee juu ya bati. Juu ya mlango wa nyuma mwanga ulipita umenyooka. Juu ya mlango wa mbele ulijikunja kidogo, ukayumba, ukanyooka tena. Hakusema kitu. Alifungua boneti akaweka kidole juu ya bolti zilizoshika madigadi. Zile za kulia zilikuwa zimefunikwa rangi ya gari mpaka pembeni, bila ya mchubuko. Mbili kati ya zile za kushoto zilikuwa zimechubuka kwenye pembe, na chuma cheupe kinaonekana. "Kiwandani hupaka rangi bolti zikiwa zimekwisha kufungwa," alimwambia mwalimu. "Hapa spana imepita." Kisha akafungua mlango wa mbele, akabonyeza kwa ukucha ule utepe wa gundi ngumu uliozunguka ukingo wa ndani wa bati. Katika mlango wa nyuma utepe huo ulikuwa sawasawa tangu juu mpaka chini. Katika ule wa mbele ulikuwa mnene hapa, mwembamba pale, na ukucha ukaacha alama.

"Hili lilipigwa upande huu, mama, likanyooshwa. Wamelinyoosha vizuri, na milango inafunga. Ila bei uliyolipa ni ya gari lisiloguswa."

"Sasa nifanyeje, fundi?"

"Yaandikwe yote, kisha tutazame na mengine."

Yakaandikwa, kwa mkono wa kijana yule yule, chini ya orodha iliyopigwa chapa. Na mwalimu alitia sahihi chini ya maneno hayo, baada ya kupiga picha ya bolti, ya utepe na ya karatasi yenyewe. Mambo kama haya hayahitaji chombo cha thamani. Yanahitaji jicho lililofundishwa, na ujira wa fundi wa asubuhi moja ni fedha ndogo mno kando ya bei ya gari, kwa hiyo simwelewi mtu anayelipa mamilioni kwa gari kisha akaona uzito kumlipa anayejua kulitazama.

Kuna karatasi moja ambayo mnunuzi angepaswa kuidai tangu mwanzo, nayo ni karatasi ya mnada. Kila gari linalopita katika minada ya Japani hukaguliwa na mtu wa mnada, si wa muuzaji, naye huchora mchoro wa gari na kuandika herufi juu ya kila sehemu: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipotengenezwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa, na tarakimu iliyo pembeni ya baadhi ya herufi huonyesha ukubwa wa dosari. Juu ya karatasi huwekwa daraja. Gari zuri hupewa 4 au 4.5, na lile lililopata ajali likatengenezwa hupewa R. Mwalimu yule angalikuwa na karatasi hiyo, W za upande wa kushoto zingalimwambia akiwa nyumbani kwake kile alichokuja kuambiwa na fundi Kurasini. Muuzaji anayekataa kuitoa, au anayetoa nakala ambayo pembe zake zimekatwa, amekwisha kusema jambo.

Karatasi hiyo, pamoja na hati ya kufuta usajili, huonyesha pia kilometa. Saa ya dashibodi inaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye kompyuta ndogo na saa moja ya nafasi, lakini mpira wa pedali ya breki haurudishwi, wala ukingo wa kiti cha dereva ambao mwili umeusugua kila asubuhi kwa miaka kumi. Gari linalodai kwamba limetembea kilometa 48,000, hali pedali yake imekuwa laini na ngozi ya usukani imeng'aa kwa jasho, linajipinga lenyewe.

Hila mbaya kuliko ya kilometa ni ya maji. Tsunami ya Machi 2011, mafuriko ya magharibi mwa Japani ya Julai 2018 na kimbunga Hagibis cha Oktoba 2019 viliyazamisha magari mengi. Na hata hapa kwetu, mtu anayenunua gari katika yadi ya mjini akumbuke kwamba bonde la Msimbazi hufurika, na kwamba gari lililolala Jangwani usiku wa mvua kubwa huweza kukaushwa, kusafishwa viti na kutiwa manukato. Maji huliharibu gari polepole, kwa kutu ndani ya viungo vya nyaya, hata taa zikaanza kuwaka na kuzima zenyewe baada ya miezi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kwani watu wachache husafisha sehemu inayokaa ndani ya nguzo, na mstari wa tope au ukungu huonekana pale pale. Ingiza mkono chini ya zulia, utazame reli za viti na skurubu zilizo chini ya dashibodi. Nyanyua tairi la akiba, uguse chini ya shimo lake. Kama kuna manukato makali ndani ya gari, funga vioo vyote, kaa ndani dakika tano na uvute pumzi.

Kutu nyingine huja kutoka kaskazini ya Japani, hususan kisiwa cha Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Juu gari huwa linameta, ilhali chini ya tumbo bomba la eksozi, mikono ya magurudumu na mishono ya chesisi imeliwa. Ndiyo maana ukaguzi usiofika chini ya gari si ukaguzi. Na upepo wetu wa bahari, kutoka Tanga mpaka Mtwara, utaimaliza kwa haraka kazi ambayo chumvi ya Hokkaido iliianza. Magari hayo ya kaskazini huja pia na tairi za theluji, laini mno kwa lami yetu ya mchana. Zinatambulikana kwa neno STUDLESS lililochapwa ubavuni. Papo hapo ubavuni pana tarakimu nne ndani ya duara refu, ambazo huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye umri wa miaka minane, hata kama nakshi zake bado ni ndefu, huweza kupasuka katika safari ya Morogoro.

Injini na gia nitazipitia upesi, maana hapo fundi ndiye mwenye sauti. Washa gari likiwa baridi, na mwenzako asimame nyuma ya eksozi: moshi wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua, moshi mweupe usiokwisha ni maji ya rejeta yaliyopata njia isiyo yao, moshi mweusi ni petroli inayozidi. Kifuniko cha mafuta kikifunguliwa kisiwe na povu la rangi ya maziwa. Gia iingie bila ya kishindo, na gari liendeshwe japo ndani ya uwanja, usukani ukikatwa mpaka mwisho pande zote mbili. Kiyoyozi kiwashwe. Yako pia mambo yanayowatia watu hofu bure, na ni insafu kuyataja: redio kukosa vituo vyetu si ugonjwa, kwani nyingi zilitengenezwa kwa masafa ya Japani, 76 mpaka 90, hali vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, na ile sauti ya mwanamke inayosema Kijapani kila unapowasha gari ni kifaa cha malipo ya barabara kinachoulizia kadi yake.

Jambo ambalo halitajwi katika viwanja vyetu vya magari, nami naliona kuwa zito kuliko yote niliyokwisha kuyaandika, ni mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali kumkinga dereva na abiria. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza mamilioni kwa mamilioni ya vifumuzi vya mifuko hiyo, vikatiwa katika magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na mengineyo, na baruti iliyotumika ndani yake ilikuwa ya amonia naitreti, ambayo huharibika kadiri inavyokaa miaka mingi katika joto na unyevu. Ikiisha kuharibika, huungua kwa nguvu kupita kiasi. Kopo la chuma lililoishika hupasuka, na badala ya mfuko kumkinga mtu, vipande vya chuma humrukia usoni na shingoni. Watu wamekufa hivyo katika ajali ambazo hazikustahili kumwua mtu. Magari yaliitwa yarudi kutengenezwa katika nchi nyingi, ukawa mwito mkubwa kupita wote katika tarikhi ya magari, na Takata ikafilisika Juni 2017.

Sasa fikiri jinsi mwito ule unavyomfikia mtu. Barua hutumwa kwa mmiliki aliyeandikishwa Japani. Ikiwa gari liliuzwa nje kabla barua haijafika, au mmiliki aliipuuza, gari huja kwetu na kifumuzi kile kile, likaegeshwa juani Tanga, Mombasa au Unguja, katika joto na unyevu ambao ndio hasa unaoiharibu baruti ile, wala hakuna barua itakayomfuata mnunuzi wa Chake Chake. Watengenezaji wa Japani wana kurasa katika intaneti ambamo mtu huandika namba ya chesisi akajibiwa kama gari lake lina matengenezo yanayodaiwa. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kumfanyia mzazi wake kazi hiyo kwa dakika chache, na ni vyema ifanywe kabla ya fedha kutumwa, kwani baada ya hapo ni kutafuta wakala wa kampuni hiyo hapa nchini na kumwuliza kama kifaa kinapatikana. Zaidi ya hayo, siku ya kulipokea gari geuza funguo bila ya kuwasha injini, utazame dashibodi: taa ya mfuko wa hewa sharti iwake, kisha izimike yenyewe baada ya sekunde chache. Ikibaki imewaka, mfumo una kasoro. Ikiwa haiwaki kabisa, huenda mtu aliiziba au kuing'oa ili kasoro isionekane, na huyo amehatarisha roho ya mtu asiyemjua.

Anayenunua gari ambalo halijatembea, moja kwa moja kwa wakala wa kampuni, asidhani kwamba yeye amesamehewa ukaguzi. Gari lake nalo lilivuka bahari na kupakiwa juu ya lori. Huweza kukwaruzwa njiani na kupakwa rangi kimya kimya katika karakana ya wakala, na zile bolti na ule utepe vitasema kwake kama vilivyosema kwa mwalimu wetu. Atazame mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kwani gari lililosimama uwanjani mwaka mzima lina betri iliyodhoofika. Upepo wa tairi upimwe, maana husafirishwa ukiwa umezidishwa makusudi na wakati mwingine husahauliwa. Adai funguo zote mbili na kitabu cha dhamana kilichogongwa muhuri, na mikwaruzo yote iandikwe kabla hajatoka, kwa kuwa dhamana hufunika ubovu wa kiwanda, wala haifuniki mkwaruzo usiojulikana ulipatikana wapi.

Kwa anayetoa gari bandarini, hasara ndogo ndogo nazo zisidharauliwe. Jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba, kadi ya ramani iliyomo ndani ya redio, vioo vya pembeni, vyote ni vitu vinavyojulikana kupotea njiani, na anayevikosa Kurasini bila ya kuviandika atavinunua Kariakoo kwa fedha yake. Karatasi ya makabidhiano ina nafasi ya maelezo. Na ikiwa haina, pembezoni mwa karatasi pana nafasi. Sahihi ya mtu wa upande wa pili iwepo chini ya maelezo hayo, na nakala moja iondoke nawe. Kama gari lilikuwa na bima ya safari ya bahari, mjulishe mwenye bima siku hiyo hiyo, kwa maandishi.

Wenye bandari kavu na yadi za magari ninawaomba mambo mawili yasiyo na gharama kubwa: wajenge shimo moja la kukagulia gari chini, na wamwachie mnunuzi nusu saa bila ya kumsimamia na kalamu. Ombi langu kubwa ni kwa mashirika ya viwango na mamlaka za usajili za nchi zetu. Wao huyapima magari haya breki, taa na moshi kabla hayajaruhusiwa kuingia barabarani, na baada ya tsunami ya 2011 na ajali ya nyuklia iliyofuata, wakaguzi wa magari yanayokuja kwetu walipima hata mnururisho wa nyuklia. Basi na waongeze katika orodha yao swali la vifumuzi vya mifuko ya hewa, gari lenye mwito usiotimizwa lisipewe kadi mpaka litengenezwe, na mwenye gari lililokwisha kusajiliwa apelekewe taarifa. Namba za chesisi za magari yote hayo wanazo tayari.